Julia Domna, Mke wa Kaisari

Katika nchi ya Siria, chini ya utawala wa Roma, ulikuwako mji wa Emesa, ambao leo huitwa Homs. Huko alizaliwa Julia Domna. Jamaa yake ilikuwa na heshima kuu, kwa maana baba yake, Julius Bassianus, alikuwa kuhani wa mungu wa jua.

Karibu na mwaka 187 aliolewa na Septimius Severus, mkubwa wa serikali, Mwafrika wa Leptis Magna katika Libya. Husimuliwa kwamba Severus alimposa kwa sababu wapiga ramli walikuwa wametabiri kuwa binti huyo ataolewa na mfalme. Wakazaa wana wawili, Caracalla na Geta. Mwaka 193 Severus akawa Kaisari.

Julia alikuwa mwenye akili nyingi. Aliwakusanya wenye elimu nyumbani mwake, akafuatana na mumewe safarini kwa vita, akapewa jina la mama wa kambi za askari. Sura yake ilipigwa juu ya fedha. Lakini wanawe walichukiana.

Tarehe 7 Machi mwaka 203, mjini Kartago, ilifanywa michezo kwa heshima ya siku ya kuzaliwa Geta. Siku ile Perpetua, mama kijana wa jamaa bora, na Felisita mtumwa, walitupwa mbele ya mnyama mkali, kisha wakauawa kwa upanga. Walikuwa wakatekumeni walipokamatwa.

Severus alikufa Uingereza mwaka 211. Kabla mwaka haujaisha, Caracalla alimwita Geta kwa mama yao, kana kwamba wapatane. Askari wakamrukia Geta, naye akafa mikononi mwa mama yake. Julia alikatazwa kulia. Ilimpasa kuonyesha uso wa furaha. Akaendelea kumsaidia muuaji katika kazi ya barua na maombi ya watu. Mwaka 217 Caracalla naye aliuawa. Julia, akiwa mgonjwa katika Antiokia, alikataa chakula hata akafa.

Mama hawa wawili waliishi zama moja. Julia alipewa dola nzima, asiweze kumlilia mwanawe. Perpetua alimwacha mtoto anyonyaye, akafa akimkiri Kristu. Na jina lake hutajwa hata leo katika Misa, pamoja na la Felisita.