Hayati Dk. Burkitt: daktari wa jicho moja aliyeifuatilia kansa ya watoto

Sisi tuliosomea Uganda tunaijua Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Ila si wengi wanaojua kuwa kansa moja ya watoto ilipata jina kutokana na daktari wa pale.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho. Hata hivyo alisomea upasuaji, na mwaka 1946 akafika Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akaona mwingine wa aina hiyo hiyo. Akapekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika makala. Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu na wenzake wawili, wakazunguka hospitali hadi Afrika Kusini, kilometa kama 16,000 kwa wiki kumi. Akakuta ugonjwa uko kwenye joto na mvua, kule kule kwenye malaria.

Desemba 1963 kipande cha uvimbe kilitumwa kwa ndege kutoka Kampala kwa mtafiti Anthony Epstein, London. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester. Kichupa kilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu pia, kama yaliyoingiwa na bakteria. Ilibaki kuyamwaga tu. Epstein akaweka tone kwenye hadubini: zilikuwa seli za kansa, hai, zikielea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964 kilitambuliwa kirusi kinachoitwa Epstein-Barr.

Hadi leo maabara hutafuta seli hizo majini. Mtoto huchomwa sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo huzungushwa kwa mashine ili seli zitue chini, kisha hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ile ile ya kupimia malaria. Seli za kansa hii huwa za buluu iliyokoza, zenye vitundu vyeupe. Zikionekana humo, ugonjwa umeshafika kwenye mfumo wa ubongo, na matibabu hubadilika.

Uvimbe wenyewe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na bado kuna mzazi anayeanzia kwa mng'oa meno. Kwetu Rwanda, kituo cha kansa cha Butaro, wilayani Burera, kilifunguliwa mwaka 2012.

Mulago ya Burkitt haikuwa na mashine ya mionzi, akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993.