Maisha ya Jeanne Villepreux-Power

Leo tunaeleza maisha ya mama mmoja wa Ufaransa. Jeanne alizaliwa mwaka 1794 kijijini Juillac. Kule Paris alikuwa fundi wa kushona nguo. Kisha kuolewa, mwaka 1818, alikaa Messina, kisiwani Sicilia.

Baharini kule kuko argonauti, aina ya pweza mwenye gamba. Wenye elimu walikuwa wanabishana: gamba lile analitengeneza mwenyewe ao analiiba? Kumchunguza ilikuwa nguvu, juu mnyama wa bahari akitolewa majini anakufa upesi. Basi mwaka 1832 Jeanne alitengeneza masanduku ya vioo, akatia maji ya chumvi, na vizimba vya kutia ndani ya bahari yenyewe. Akawalisha, wakaishi. Alipovunja gamba kidogo, walilitengeneza tena. Jibu likapatikana.

Mwaka 1838 meli iliyobeba mizigo yake ikazama, karatasi nyingi zikapotea. Lakini alikuwa ameshaeleza kazi yake kwa wataalamu wa Catania. Alikufa mwaka 1871.

Sisi tunaona hivi: mwenye kutaka kujua kiumbe, kwanza amutunze, apate maji mazuri na chakula. Maiti haijibu swali.