George Washington Carver na Ardhi Iliyochoka

Bila shaka umekwisha kuona shamba lililochoka. Mimea yake huwa myembamba na ya rangi ya manjano, na hata mkulima akipalilia kwa bidii, mavuno huwa haba. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyetafuta njia ya kuirudishia ardhi ya namna hiyo rutuba yake, njia ambayo hata mkulima asiye na fedha aliweza kuifuata.

Mtu huyo ni George Washington Carver. Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mama yake alikuwa mtumwa, kwa hiyo naye alizaliwa mtumwa. Alipokuwa mtoto mchanga, wanyang'anyi waliwateka yeye na mama yake. Mtoto alipatikana akarudishwa, lakini mama hakuonekana tena. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa nchini humo. George alikuwa dhaifu wa mwili, hakuziweza kazi nzito za shambani. Alishinda msituni akichunguza mimea, hata majirani wakawa wanamletea mimea yao iliyougua ili aitibu.

Alipokua alitaka sana kusoma. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona kuwa ni mtu mweusi. Je, unadhani alikata tamaa? Alifua nguo za watu kwa ujira, akaendelea na masomo, na mwaka 1896 akapata shahada ya pili ya kilimo katika jimbo la Iowa. Mwaka huo huo aliitwa kufundisha Tuskegee, chuo cha watu weusi katika jimbo la Alabama.

Huko alikuta hali ya kusikitisha. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wamepanda pamba tu, mwaka baada ya mwaka, katika mashamba yale yale. Pamba ilikuwa imefyonza chakula kilichomo udongoni, na mvua ilikuwa imechukua udongo wa juu na kuacha makorongo. Wengi wa wakulima hao walikuwa watumwa wa zamani pamoja na watoto wao. Walilima mashamba ya watu wengine, wakagawana mavuno na wenye mashamba. Walikopa mbegu na chakula, na mavuno yalipopungua madeni yaliongezeka. Udongo ulipochoka, watoto walilala na njaa.

Carver hakuwa na vyombo vya maabara. Aliwapeleka wanafunzi wake kwenye majaa, wakaokota chupa na masufuria mabovu, wakayatumia kwa majaribio. Katika shamba la chuo alijaribu kuzolea majani yaliyooza msituni na matope meusi ya mabwawani, vitu ambavyo kila mkulima angeweza kujichukulia bure. Tena alipanda kunde mahali palipokuwa na pamba.

Kwa nini kunde? Chukua jembe, uchimbue polepole mche mmoja wa kunde unaokaribia kutoa maua, kisha uoshe mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Bakteria hao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kata kinundu kimoja kwa wembe, ukiangalia vidole vyako. Ukiona ndani rangi nyekundu hafifu, bakteria wamo kazini. Mkulima akichuma kunde na kufukia majani na mizizi, sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki udongoni kwa ajili ya zao litakalofuata. Lakini akiondoa mmea wote, udongo haupati faida kubwa.

Kuwashawishi wakulima hakukuwa rahisi. Pamba ilikuwa na soko, kunde hazikuwa nalo, na wenye mashamba wengi walitaka pamba tu. Mkulima wa kugawana mavuno angefanya nini? Carver aliwaonyesha kwamba angalau kipande kidogo kingetosha kulisha nyumba. Aliandika vijitabu kwa lugha nyepesi, vikieleza jinsi ya kulima na pia jinsi ya kupika. Kile cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kutayarisha karanga, ambazo nazo ni za jamii ya kunde. (Wengine husema kwamba yeye ndiye aliyebuni siagi ya karanga. Si kweli, ilikuwako kabla yake.) Na kwa kuwa wakulima wengi hawakuweza kufika chuoni, mwaka 1906 chuo kilianza kuwafuata vijijini kwa gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya kuonyeshea.

Baadaye fukusi wa vitumba vya pamba, mdudu aliyeingia Marekani kutoka Meksiko, alifika Alabama na kuharibu pamba nyingi. Wakulima wengi waligeukia karanga. Katika mji wa Enterprise walifanikiwa sana, hata mwaka 1919 wakamjengea mdudu yule mnara wa kumshukuru!

Carver hakuoa, wala hakupenda anasa. Mwaka 1940 alianza kutoa akiba yake kwa ajili ya uchunguzi wa kisayansi pale Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari, 1943, akazikwa katika viwanja vya chuo hicho.