Muyaka bin Haji: Malenga Aliyetoa Mji

Panapozungumziwa historia ya ushairi wa Kiswahili, jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy halikosi kutajwa. Wanafunzi wa fasihi humfahamu kama malenga aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na kama gwiji wa mafumbo na majibizano. Sifa hizo anazistahili. Hata hivyo, maisha yake yana upande mwingine ambao aghalabu hupitwa haraka: Muyaka alikuwa malenga wa upande ulioshindwa. Alishiriki mashindano ya maneno baina ya Mombasa na Lamu, na mashindano hayo yakaishia katika kipigo kilichoubadilisha mwelekeo wa siasa za pwani nzima.

Muyaka alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1776. Wakati huo mji huo, ambao wenyewe huuita Mvita, ulikuwa mikononi mwa maliwali wa ukoo wa Mazrui. Ukoo huu asili yake ni Omani, na mwanzoni uliutawala mji kwa niaba ya watawala wa huko. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa mamlaka Omani katika miaka ya 1740, Wamazrui walikataa kuutii. Wakajitawalia wenyewe kutoka katika Ngome iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Muyaka basi alikulia katika mji uliojivunia uhuru wake, na uliojua kwamba uhuru huo ungeweza kudaiwa wakati wowote na merikebu kutoka Omani. Alikuwa na usuhuba na watawala hao, akawa sauti yao katika neema na katika dhiki.

Kabla ya zama zake, tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa tenzi na kasida za kidini, nyingi zikiwa zimetungwa katika lahaja za kaskazini, hususan Kiamu na Kipate. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Alilichukua shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika nane ukwapi na nane utao, akalifanya chombo cha kuzungumzia kila jambo: mapenzi na ndoa, biashara na ufukara, urafiki na hiana, vita na siasa. Shairi la namna hiyo halikuhitaji kitabu. Lilikuwa fupi, lilishikika kichwani upesi, na liliweza kupanda chomboni pamoja na abiria likafika Lamu, Pate au Pemba kabla ya barua yoyote.

Ni wepesi huo uliolifanya shairi kuwa silaha ya majibizano. Kanuni za mashindano haya zilikuwa kali. Aliyejibu alitarajiwa kulifuata umbo alilolikuta, kuanzia mizani hadi vina. Zaidi ya hayo, alitakiwa kuishika sitiari ya mwenzake na kuigeuza. Akiitwa kuku, ajibu kwa ukuku ule ule hadi tusi limrudie mwenye kulitoa. Kwa hiyo ubingwa wa mjibuji haukuwa kutafuta maneno mapya tu, bali kuyatwaa maneno ya mpinzani na kuyatumia dhidi yake. Aidha, palikuwa na mafumbo ya kishairi, ambapo mtunzi alificha maana na kuwataka wenziwe waifichue kwa beti. Muyaka alikuwa fundi wa aina zote mbili.

Mchezo huu una jamaa yake wa karibu ambaye kila mtoto wa Kiswahili humfahamu, nao ni kitendawili. Mtegaji hutega, na wasikilizaji hujaribu kutegua. Wakishindwa, hawatozwi pesa wala mali. Mtegaji hudai mji, nao humpa. Hutajiwa Mombasa, Malindi au Unguja, na akiridhika huupokea, akajisifu kwa mema aliyoyakuta huko, kisha ndipo atoe jibu. Mji unaotolewa ni wa maneno matupu, na kesho yake watoto huugawa tena. Katika maisha ya Muyaka, mchezo ulikuwa ule ule, lakini miji ilikuwa ya kweli.

Lamu na Pate ni majirani waliokuwa na uhasama wa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wamazrui wa Mombasa waliungana na Pate wakikusudia kuitia Lamu chini ya mamlaka yao. Mashairi yalitangulia majeshi. Kutoka Mombasa zilipelekwa tambo na vitisho, na Muyaka alikuwa miongoni mwa waliozitunga. Kwa macho ya Mvita, Lamu ilikuwa mji mdogo uliojisahau.

Lamu haikunyamaza. Miongoni mwa waliosimama kujibu alikuwa Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa mshairi na pia mmoja wa wakuu wa mji. Hapa Muyaka alikutana na mshindani wa kweli. Zahidi alikuwa na hazina ya Kiamu, lahaja iliyokuwa imelea ushairi kwa karne kadhaa. Fauka ya hayo, alikuwa na jambo ambalo Muyaka hakuwa nalo: ulinzi wa mji wake ulikuwa juu ya mabega yake mwenyewe. Muyaka alitunga kwa ajili ya watawala wake na kwa fahari ya mji uliokuwa mbali na uwanja wa vita. Zahidi alitunga kwa watu ambao, wakilala, wangeamka wakiwa watumwa wa wengine. Mashairi yake hayakuelekezwa kwa adui peke yake. Yaliwaamsha pia watu wa Lamu, mji uliokuwa na mivutano yake ya ndani, wakaona kwamba hatari ilikuwa moja.

Karibu mwaka 1812 maneno yalikwisha na vita vikaanza. Majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela, kusini-mashariki mwa mji wa Lamu, na mapigano yaliyofuata ndiyo yanayoitwa vita vya Kuduhu. Watu wa Lamu waliwashinda. Husimuliwa kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, na wengi wakauawa pale pale ufuoni. Kwa miaka mingi baadaye mifupa yao iliendelea kufichuka katika machuguu ya mchanga ya Shela. Kwa Mombasa lilikuwa pigo ambalo nguvu zake hazikupata kupona. Kwa malenga aliyekuwa amejigamba kwa niaba ya mji, kushindwa kulikuwa kwa namna mbili: kwa upanga, na kwa kila ubeti wa kujitapa ambao sasa watu wa Lamu wangeweza kuukariri wakicheka.

Hata hivyo, mshindi naye alilipa. Watu wa Lamu walihofia kisasi, wakatuma ujumbe Omani kumwomba Seyyid Said bin Sultan awalinde. Ombi lilikubaliwa. Liwali aliletwa pamoja na askari, na ngome ya Lamu ikakamilika mwaka 1821. Hivyo mji ulioshinda shindano uliishia kuwa na mwenyewe mpya. Kutoka Lamu, mkono wa Seyyid Said ulizidi kurefuka. Katika miaka ya 1822 na 1823 Wamazrui walipokonywa Pemba, kisiwa kilichokuwa kikiilisha Mombasa. Mwaka 1824 wakajaribu kujikinga kwa bendera ya Uingereza, iliyopandishwa kwa idhini ya Nahodha Owen, lakini serikali ya Uingereza haikuukubali mpango huo, na bendera ikateremshwa mwaka 1826. Kisha yakafuata mashambulizi ya Seyyid Said mwenyewe, kuanzia mwaka 1828 hadi 1833.

Katika kipindi hiki ndipo ukomavu wa Muyaka unapobainika. Mtu mwingine angeweza kuacha utunzi baada ya aibu ya Kuduhu. Muyaka aliendelea. Alitunga wakati wa mashambulizi, akiwatia moyo watu wa Mvita na kumkejeli adui aliyekuja na merikebu akarudi mikono mitupu. Safari hii hakuwa akijigamba mbele ya mji wa wengine. Alikuwa akiulinda wake, kama Zahidi alivyoulinda wake zamani. Sambamba na tungo hizo, diwani yake ina mashairi ya utulivu yanayotafakari ugeugeu wa dunia na upungufu wa binadamu. Yasomwapo pamoja na tambo, mtu huona malenga aliyezijua pande zote mbili za mchezo.

Mombasa haikuanguka kwa mizinga. Baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835, wakuu wa mji waligombana, na mfarakano huo ukamfungulia mlango Seyyid Said. Mwaka 1837 aliingia mjini. Wakuu wengi wa Kimazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Utawala aliouimba Muyaka ukawa umekwisha, naye akamaliza siku zake chini ya bendera aliyokuwa ameipinga. Alifariki karibu mwaka 1840.

Mashairi yake yalibakia vinywani mwa watu wa Mombasa. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyafafanua kwa ajili ya mmishenari W. E. Taylor. Mwaka 1940 W. Hichens aliyachapisha kama Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake jijini Nairobi. Mwaka 1995 mashairi ya vita vya Kuduhu nayo yalikusanywa katika kitabu kimoja na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff. Hapo sauti za Lamu na za Mombasa zimewekwa pamoja, na haiwezekani kuuelewa upande mmoja bila kuusikia wa pili.

Maisha ya Muyaka yana funzo ambalo haliwahusu washairi peke yao. Yeye na wapinzani wake walizungumza lugha moja, wakafuata arudhi moja, na kila mmoja aliielewa kejeli ya mwenzake hadi kwenye mzizi wake. Ufundi huo wote waliutumia kuchochea ugomvi ambao mwisho wake ulimnufaisha mtu wa tatu: Lamu ilijikabidhi kwake kwa hofu, na Mombasa ikachukuliwa kwa mfarakano. Katika kitendawili, anayetoa mji hupewa jibu badala yake. Jibu walilopewa watu wa pwani lilikuja wakati miji yote miwili ilikuwa imekwisha kutolewa.