Lettow-Vorbeck: Mjerumani aliyepigana miaka minne pwani ikiwa imefungwa

Januari 1914, Paul von Lettow-Vorbeck alishuka Dar es Salaam kuongoza jeshi la kikoloni la Ujerumani. Miezi saba baadaye vita ikalipuka Ulaya, na manowari za Uingereza zikaja kuziba pwani. Risasi, dawa, nguo, vyote vilitegemea meli. Katika vita nzima zilipenya meli mbili tu, moja 1915, nyingine 1916.

Mzaliwa huyo wa Saarlouis (1870) hakuwa mgeni wa vita. Alishapigana China, na pia Namibia ya leo wakati Wajerumani walipowaangamiza Waherero.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa rahisi: chukua cha adui. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 Tanga. Wakachapwa na kikosi kidogo mno kuliko chao, wakakimbilia melini na kuacha bunduki, rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni.

Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ikaishia kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu na kuburutwa porini. Huko Amani, milima ya Usambara, wataalamu wa kituo cha utafiti wakatengeneza kwinini kwa magamba ya mti. Amani ilipotekwa 1916, magamba yakachemshwa njiani. Askari wakanywa uchungu huo na kuubatiza jina la kamanda wao.

Ujanja huo umeandikwa sana vitabuni. Kilichoandikwa kidogo ni nani aliyebeba.

Ndorobo waliua farasi na ng'ombe wa mizigo, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kichwani mwa mtu. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na Wajerumani hawakutunza hesabu kamili ya vifo vyao. Chakula nacho kilitoka ghalani mwa wakulima, na majeshi ya pande zote mbili yalikomba. Ugogo, ukame ulipoongezeka juu ya hapo, ikaja njaa ya Mtunya. Kumbe jeshi lililosifiwa kwa kujitegemea lilimtegemea mkulima, tena bila kumuuliza.

Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma, akaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano na kujaza upya risasi na chakula. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, alikabidhi silaha Abercorn, sasa Mbala, Zambia. Alikuwa bado na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Nyumbani alipokewa kama shujaa. Alifariki Hamburg, Machi 1964, akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa wazee waliokuwa bado hai mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita ile. Fedha hizo zilikuwa za askari. Wapagazi hawakutajwa.