Carl Velten: Mtafuta Vipaji vya Waandishi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika michezo, mtafuta vipaji haingii uwanjani. Kazi yake ni kumtambua mchezaji kabla wengine hawajamwona. Makala haya yanamtazama Carl Velten (1862–1935) kwa mtazamo huo. Wanafunzi wa isimu humfahamu zaidi kwa sarufi yake ya 1904 na kamusi yake ya 1910. Sisi tunadai kwamba mchango wake mkubwa ni kuwatambua waandishi wa nathari ya Kiswahili, na kwamba mchango huohuo unazua swali zito: kazi hizo ni za nani?

2.0 Maisha na Kazi

Katikati ya miaka ya 1890, Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani mjini Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Kiswahili Berlin, katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1887, ambako maofisa wa makoloni walifunzwa lugha. C. G. Büttner alikuwa amemtangulia katika kuchapisha matini za Waswahili, lakini Velten aliipanua kazi hiyo.

Mwaka 1898 alichapisha hadithi za Waswahili. Mwaka 1899 alitoa uchunguzi wa Kihehe, lugha inayosikika hadi leo Igowole na kwingineko mkoani Iringa. Ikumbukwe kwamba Mkwawa alifariki Julai 1898. Elimu ya lugha na utawala vilikwenda pamoja.

Mwaka 1901 kilitoka kitabu cha safari za Waswahili. Humo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara, na Selim bin Abakari, Mngazija, anasimulia safari ya Urusi na Siberia. Wakati ambapo fasihi andishi ya Kiswahili ilitawaliwa na tenzi, Velten aliwatafuta watu walioyaona mambo kwa macho yao, akawataka wayaeleze kwa nathari.

Kipaji kikubwa kuliko vyote alivyovipata ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha. Yeye ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli (1903).

3.0 Suala la Umiliki

Hata hivyo, kitabu hicho kilitoka kwa jina la Velten. Mtoro alioa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi nyumbani, wakuu wa koloni wakamkatalia kushuka Dar es Salaam pamoja na mkewe. Alirejea Ujerumani, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ikachapishwa mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro mahali pa mwandishi.

Suala hili si la heshima tu. Velten ndiye aliyezihariri matini hizo. Kwa hiyo, mtafiti anayezitumia kama ushahidi wa Kiswahili cha Mrima hana budi kujiuliza, katika kila muundo, kama anasoma lugha ya Mtoro au mkono wa mhariri.

4.0 Hitimisho

Bila Velten, huenda sauti hizi zisingetufikia. Lakini anayekitambua kipaji hawi mwenye kipaji hicho. Tunapendekeza kwamba tunapozirejelea kazi hizi tuwataje waandishi kwanza, kisha mhariri.