Nathan S. Kline

Nathan Schellenberg Kline (22 Machi 1916 – 11 Februari 1983) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha mwaka 1957, pamoja na wenzake, kwamba iproniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kutibu sonona. Alipata Tuzo ya Lasker mara mbili, mwaka 1957 na 1964.

Maisha

Kline alizaliwa Philadelphia na kukulia Atlantic City. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1943. Kuanzia mwaka 1952 aliongoza utafiti katika hospitali ya Rockland, jimbo la New York. Wakati huo hospitali za aina hiyo zilijaa wagonjwa waliokaa humo kwa miaka mingi, na tiba zilikuwa chache, zikiwemo mishtuko ya umeme na upasuaji wa ubongo.

Mwaka 1954 alitoa taarifa kuhusu resepini, dawa inayotokana na mmea wa Rauvolfia serpentina uliotumiwa tangu zamani nchini India. Dawa hiyo iliwatuliza wagonjwa wengi, na ndiyo iliyompatia tuzo ya kwanza.

Dawa ya sonona

Mwaka 1952 madaktari waliokuwa wakitibu kifua kikuu kwa iproniazidi waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walichangamka na kupata hamu ya kula. Mwaka huohuo iligunduliwa kwamba dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja monoamini, yaani kemikali kama serotonini na noradrenalini zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Resepini hupunguza akiba ya kemikali hizo, iproniazidi huihifadhi.

Kline, Harry Loomer na John Saunders waliwapa dawa hiyo wagonjwa wenye sonona, na wengi wao wakapata nafuu. Hata hivyo nafuu haikuja mara moja, bali baada ya wiki kadhaa. Jambo hilo linaonyesha kwamba kuongezeka kwa kemikali pekee hakutoshi kueleza kupona. Hadi leo wataalamu wanaendelea kuchunguza mabadiliko yanayofuata katika ubongo.

Madhara na mgogoro

Dawa ilienea haraka kuliko ujuzi wa hatari zake. Baadhi ya watumiaji walipata umanjano kutokana na kuharibika kwa ini, na mwaka 1961 iproniazidi iliondolewa sokoni Marekani. Baadaye ilijulikana kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla mgonjwa akila jibini iliyokomaa au vyakula vingine vyenye tiramini nyingi.

Tuzo ya mwaka 1964 alipewa Kline peke yake. Saunders alidai kwamba naye alistahili, akaenda mahakamani, na baada ya kesi ndefu akapata sehemu ya fedha za tuzo.

Kline alifariki New York akiwa na umri wa miaka 66. Taasisi ya utafiti ya Orangeburg inaitwa kwa jina lake.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Kline alipokuwa akianza kazi Rockland, J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1953 kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Utafiti uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda na kutolewa mwaka 1979 ulionyesha kinyume: sonona ilikuwepo, tena kwa wingi.

Mwaka 2015, mwaka ambao kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena kwa wakimbizi kutoka Burundi, Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa afya ya akili kwa wahudumu wa mazingira ya dharura. Mazingira hayo ni kama ya Nduta na ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Dawa za sonona zilizomo ni amitriptilini na fluoksetini. Hizi hazizuii kimeng'enya, bali huzuia seli kuzirudisha ndani kemikali zilizotolewa.

Amitriptilini huweza kuleta usingizi, kinywa kikavu, kufunga choo na kizunguzungu. Ikimezwa kwa wingi huathiri moyo na inaweza kuua. Kwa hiyo mgonjwa anayefikiria kujiua hapewi vidonge vingi kwa mara moja. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Mgonjwa hashauriwi kuacha dawa ghafla anapojisikia nafuu. Kwa kawaida huendelea nayo kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Huzuni ya kufiwa au ya kupoteza makazi, peke yake, si sababu ya kuandikiwa dawa hizo.